Chumvi Isiyoganda

Saa tisa alasiri, Mlimani. Maabara ya ghorofa ya pili
ina madirisha matatu, moja halifungi tangu masika.
Sikudhani ameshika faneli ya kioo kwa mikono miwili
kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.
Ndani mna dizeli ya Kurasini,
lita moja aliyotuletea binamu yangu Mshamu,
mpima matangi kwa ufito na tambara.

Juu dizeli, rangi ya chai ya mkandaa.
Chini chumvi.

Nikisema chumvi usifikirie ya mchuzi.
Hii haina punje. Inamiminika, nzito,
asali iliyochelewa kutoka kwenye kijiko.
Chembe zake, hasi kwa chanya,
zimekataa kupanga mstari,
basi haigandi hata kiyoyozi kikiwaka,
na chetu, Mungu ashukuriwe, hakiwaki.

Tunasaka naitrojeni.
Si ile ya hewani, isiyogombana na mtu.
Ni hii iliyojibana kwenye pete za kaboni
tangu mafuta yakiwa matope:
kwinolini, kabazoli, indoli,
majina kama ya watoto wa shangazi wa mbali,
na tabia ndiyo hiyo. Wakifika mtamboni
wanakalia viti vyote vya kichocheo,
salfa inakuja kuhudumiwa, inakuta pamejaa,
inapita zake
hadi kwenye bomba la lori,
hadi kifuani kwa Mshamu.

"Tikisa," nasema. "Fungua koki, ipumue. Tikisa tena."

Umeme unakatika.
Feni ya kabati la moshi inakoroma, inanyamaza.
Tunakaa na joto letu.
Sikudhani, asiyejua kukaa,
anafungua kichupa cha indoli safi, ile ya kulinganishia.
Asumini! anasema.
Kikuba cha marehemu mama, harusi ya Gerezani,
alinivika mwenyewe, mikono yake ina mafuta ya nazi.
Anasogeza pua karibu zaidi
na uso unamkunjamana:
choo cha shimo, Jangwani, mafuriko yakishapungua.

Kichupa ni kilekile.
Miaka kumi na tisa naosha vioo hapa,
chumvi nimekula,
na bado sina la kumjibu.
Kipimo, labda. Nasema, ni kipimo tu, mwanangu,
ziba hicho.

Pembezoni mwa daftari, akisubiri, ameandika kwa penseli
(profesa akiona atafoka):

    Chumvi hii ni mgeni, haikutoka bahari,
    Haikukaa juani, wala haina fahari,
    Yashuka chini chupani, mzigo yausetiri,
    Kisha ioshe majini, irudi tena safari.

Umeme unarudi magharibi, adhana ikiwa katikati.
Mashine inatema namba.
Kabla: mia tatu na kumi katika kila milioni.
Baada: hamsini na saba.
Kwinolini karibu yote imeshuka. Kabazoli ina ubishi.
Salfa tumeikuta palepale, haijui kama tulikuwepo.

Mshamu anapiga simu.
"Mafuta yangu yamekuwaje?"
Yamepauka, namwambia. Yanapitisha mwanga.
"Na bei itashuka?"
Naitazama chupa ya chumvi, gramu mia,
mshahara wangu wa miezi miwili umesimama rafuni.
Subiri, namwambia.
Anacheka, au anakohoa. Kwenye simu ni vigumu kujua.

Sikudhani anaimwagia maji chumvi iliyochoka.
Inachafuka, inakuwa tui,
inaachia kidogokidogo ilichokishika.
Harufu inapanda.
Anafunga macho, anavuta pumzi
kwa mbali, safari hii,
kwa umbali anaoujua.